Kuuzunguka Mlima kwa Kilo Sita

Jumatatu, 2 Juni

Nimepima sufuria tena. Gramu mia mbili na arobaini bila mfuniko. Mfuniko nimeuacha, nikaurudisha, nikauacha. Sijui tutafunikia nini. Labda sahani. Lakini sahani nilishaiacha juzi.

Mahema matatu ya wateja yamelala karakana hayajaguswa, zipu zote mbovu, na msimu wa wageni ndio unaanza. Mimi nimekaa na mizani ya jikoni.

Chanzo ni begi la yule dada wa kizungu. Lililetwa kwangu mwezi wa tatu, mkanda umekatika. Likiwa tupu lilikuwa jepesi kuliko viatu vyangu. Mwenyewe alisema ametembea nalo miezi mitano huko kwao, na mswaki wake ameukata mpini ili kupunguza uzito. Nikamshonea mkanda. Kabla ya kumrudishia nililichora begi lote kwenye karatasi ya kaki, nikashona la kwangu. Baba akalinyanyua kwa kidole kimoja, akasema, kumbe sasa anaweza kuuzunguka mlima.

Nilidhani anatania. Ana miaka sitini na sita. Anataka kutoka hapa Uru kwa miguu, Marangu, Rombo, Tarakea, kupinda nyuma ya mlima hadi Kamwanga, kisha Sanya Juu na kurudi nyumbani. Wiki mbili.

Jumatano, 4 Juni

Nimemuuliza Mama kwa nini Baba anataka hivi. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, hakuinua kichwa. Akasema Baba alibeba mizigo ya wageni miaka thelathini na moja akipanda na kushuka kupitia Marangu tu, mlango uleule. Basi.

Sijaelewa. Mtu aliyechoka na mlima si anaupa mgongo?

Nimekubali kwenda naye. Sijui naenda kwa ajili ya Baba au kwa ajili ya begi. Mabegi haya yakifaa, waongozaji wote wa hapa watayataka. Nimeandika hivyo na nimeona aibu.

Ijumaa, 6 Juni

Binamu yangu Filemoni, mwongozaji, anasema tubebe hema kamili, kaskazini kuna ukungu. Rafiki yake, mwongozaji pia, anasema hema la nini, mtalala makanisani na kwa watu. Kwenye video niliyoiona simuni jamaa mmoja analala chini ya turubai aliloliinua kwa fimbo zake za kutembelea, kila kitu chake kinaingia kwenye ndoo ya lita kumi. Anacheka muda wote.

Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki. Nikitoka hapo natoa kitu. Nikirudi hapa nakirudisha.

Nimeamua turubai. Nimelishona leo kwa kitambaa chembamba cha hema. Gramu mia nne na kumi. Nalikunja, linaenea kwenye kikombe. Moyo umefurahi, kisha nikaogopa.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada Baba amepakia mwenyewe begi nililomshonea. Kilo tisa na nusu. Panga. Tochi kubwa ya betri tatu. Biblia. Viatu vya pili. Sweta lake la kijeshi la sufu, zito kama mtoto. Kamba ya katani. Chumvi nusu kilo.

Nikamwambia lengo ni kilo sita. Akacheka. Akasema kichwani kwake zimepita kilo ishirini na tano, na kreti ya mayai juu. Nikamwambia ndiyo maana goti lake haliko sawa. Hakucheka tena.

Tumebishana kitu kimoja kimoja mpaka jua likazama. Panga limebaki nyumbani. Tochi nimempa ndogo ya kichwani. Biblia amechukua Agano Jipya tu. Sweta amekataa kabisa. Nikamwonyesha koti la manyoya ya bata nililopewa na mteja, gramu mia tatu, lina joto kuliko hilo sweta. Akalibonyeza, likanywea mkononi mwake. Akasema ni zuri, atabeba vyote viwili.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya kitu. Baba alipokwenda kukinga maji ya mfereji, nilifungua begi lake nikatoa sweta. Liko ndani ya sanduku la mashuka. Begi sasa ni kilo sita na gramu mia moja.

Ni kwa ajili ya goti lake. Nadhani ni kwa ajili ya goti lake.

Jumanne, 10 Juni

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama ametuombea getini. Baba amevaa begi, akasimama kidogo, akalipandisha mabegani mara mbili, akaanza kutembea.  Nilikuwa nyuma yake, nikilitazama begi.

Makorongo ni mengi. Unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena. Tumelala Kirua kwa shangazi. Tumekula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na maziwa. Miguu yangu inawaka. Baba mzima.

Alhamisi, 12 Juni

Marangu. Wapagazi wawili wazee wamemtambua Baba. Wakauliza anampeleka mgeni gani. Akasema hakuna mgeni. Wakauliza mizigo ya nani. Akasema ya kwake. Walimtazama kama aliyesema Kichina.

Begi linafanya kazi vizuri mno. Mishono haijalegea. Baba anatembea mbele yangu kama kijana, nami ndiye ninayeomba kupumzika. Ningepaswa kufurahi. Kila akipandisha begi mabegani, natazama pembeni.

Jumapili, 15 Juni

Tarakea. Soko limejaa, watu wanavuka toka Kenya na kwenda. Nimepita kwenye mitumba. Kulikuwa na rundo la masweta ya sufu. Nimesimama pale muda mrefu, muuzaji akadhani nataka kuiba. Nikinunua nitasema nini? Kwamba nimekumbuka baridi leo? Atafungua begi na kutafuta la kwake.

Na kwa nini hajalitafuta mpaka leo? Siku sita. Usiku tuliolala Mkuu, kule Rombo, palikuwa na baridi, akavaa koti la manyoya, akalala. Hajui? Amesahau? Nimechanganyikiwa.

Sikununua.

Jumatatu, 16 Juni

Tumetembea kutwa nzima kuelekea magharibi. Huku mlima una sura nyingine. Baba amegeuka kuutazama mara nyingi. Watu wachache, mashamba ya viazi, miti ya misonobari ya serikali. Tumeomba ruhusa kwa mlinzi, tumefunga turubai pembeni ya miti. Limesimama vizuri, kamba zimekaza. Wali na dagaa. Kesho Kamwanga.

Ukungu umeshuka.

Jumatano, 18 Juni, Kamwanga

Jana sikuandika. Naandika leo yote.

Tulianza kutembea kwenye manyunyu. Si mvua ya kuitwa mvua, lakini haikukata. Upepo wa ubavuni. Makoti ya mvua niliyashona mwenyewe kwa kitambaa kilekile chembamba, na mikanda ya begi iliyasugua mabegani. Kufika saa sita maji yalikuwa yanapenya hapohapo. Sikujua. La kwangu lilipenya pia, nikadhani ni jasho.

Saa nane Baba alikuwa nyuma. Hajawahi kuwa nyuma. Nikamsubiri. Akafika, akapita, hakunitazama. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikasema avae koti la manyoya. Kumbe alikuwa amelivaa ndani tangu asubuhi, na mimi sikuona. Nililigusa. Limelowa, manyoya yameshikana mabonge, kama kuku aliyenyeshewa. Halina joto kuliko gazeti.

Tukaendelea kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Kisha akakaa kwenye gogo. Akaacha kutetemeka. Nikashukuru Mungu, nikadhani amepata nafuu. Akaniambia, taratibu sana, ulimi mzito, “Waambie wageni watangulie. Mimi nitafika na ndoo.”

Hapo ndipo nilielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo, akisimulia habari za mlimani: anayetetemeka mpe chai, aliyeacha kutetemeka mkimbilie.

Nilimvua nguo zote za juu. Baba yangu. Nikamvika fulana yangu kavu, ilikuwa moja tu. Nikamwingiza kwenye begi la kulalia, nikamzungushia turubai, nikaingia naye, nikamkumbatia. Hatujawahi kukumbatiana. Niliwasha gesi kwa mkono mmoja. Maji hayakutaka kuchemka, upepo unaingia kwenye sufuria iliyo wazi. Alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaanza kumwambia habari za sweta. Nilisema yote kwa sauti. Hakuwa ananisikia.

Akatokea mama mmoja wa Kimaasai na punda wawili wenye viazi. Hakuuliza kitu. Alimtazama Baba usoni, akafungua kamba, akaangusha magunia mawili ya viazi kwenye majani na kuyaacha palepale. Akavua blanketi lake zito jekundu, limelowa nje lakini ndani lina moto wa mwili wake, akamfunga nalo. Tukampandisha Baba juu ya punda. Yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine. Nusu saa hadi kwake. Nyumba ya moshi, moto katikati. Maziwa ya moto yenye sukari, kidogo kidogo kwa kijiko.

Ilikuwa karibu jioni Baba alipoanza kutetemeka tena. Mama yule akasema, “Sasa amerudi.” Nikatoka nje nikatapika.

Anaitwa Mama Lemayani. Viazi vyake alivifuata leo asubuhi.

Alhamisi, 19 Juni

Baba amekunywa uji, amekula viazi. Mganga wa zahanati amekuja kumpima, anasema mapafu yako safi, apumzike siku mbili, tatu.

Kwetu mtu akikosa, anachuma jani la sale anampelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Huku sikuona sale kwenye uzio wowote. Nimekwenda mikono mitupu. Nikapiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia sweta nilitoa mimi, liko kwenye sanduku la mashuka.

Alijivuta akakaa. Kisha akasema alijua tangu getini kwetu. “Nimebeba miaka thelathini na moja, Aikande. Mtu akitoa kilo moja mgongoni mwangu nisijue?”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Kwa nini hakurudi ndani kulichukua.

Akasema, “Nilidhani umenibebea wewe.”

Akasema siku zote hizo alikuwa anatembea mbele akifurahi. Hajawahi kubebewa kitu na mtu maisha yake yote. Hakutaka kuuliza, asije akaonekana anadai. Na juzi kwenye baridi alinyamaza kwa sababu aliona na mimi nimelowa, akafikiri nimelivaa mwenyewe, na akaona ni haki yangu.



Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Filemoni aje na gari atuchukue. Baba amekataa. Hajakasirika. Anasema mlima umebaki nusu. Nikamwambia alikuwa anakufa. Akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwepo.

Sijui kama kumkubalia ni kumheshimu au ni kumuua. Mama Lemayani anasema jua litatoka kesho. Mama yetu kwenye simu amesema nimnunulie Baba blanketi.

Jumamosi, 21 Juni

Jua limetoka. Nimenunua mablanketi mawili mazito ya Kimaasai na sweta moja dukani. Begi langu sasa lina kilo kumi na moja. La Baba lina Agano Jipya, maji na ndizi. Alitaka kubeba blanketi lake, nikamkatalia, akaacha.

Mama Lemayani ametusindikiza hadi njia panda. Nilimwachia turubai. Amelikunja mara nyingi, akacheka lilivyopotea mkononi mwake. Anasema litafaa kufunikia vifaranga.

Jumatatu, 23 Juni

Ngare Nairobi. Tambarare, vumbi, ngano. Mabega yanauma, mikanda yangu myembamba inakata nyama, haikushonwa kwa kilo kumi na moja. Mgongo wa mlima uko wazi leo, wote, theluji kidogo. Baba amekaa chini barabarani kuutazama. Nimemuuliza anaonaje. Akasema hajui, alidhani angejisikia kitu, labda kitakuja baadaye.

Nimefurahi kwamba na yeye hajui.

Alhamisi, 26 Juni

Nyumbani. Tumeingia kwa Machame na Kibosho, mvua hakuna. Mama alikuwa anapika mtori. Alimtazama Baba kutoka kichwani hadi miguuni, akasema amekonda, akampakulia.

Goti lake limevimba kidogo. Nimelala kwa saa kumi na nne.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Zipu mbili zimekwisha. Filemoni alipita na waongozaji watatu, wanataka mabegi mepesi kama yale, wakauliza mtu apunguze nini na abaki na nini. Nimewaambia mabegi nitashona, mikanda mipana zaidi. Hayo mengine sijui, waulizane wenyewe kwa wenyewe watakaotembea pamoja. Walinitazama. Nikarudi kwenye zipu.

Baba alikuja baada yao, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alitazama sindano ikishona kwa muda. Kisha akasema niongeze mfuko mmoja, mkubwa, ubavuni.

Nikavuta begi lake kutoka kwenye msumari.

Akasema, “Siyo langu. Kwenye lako.”

Sikumuuliza wa kuwekea nini. Nimekata kitambaa kwa kipimo cha sweta lake, nimeushona, nimekaza pembe mara mbili. Alipoona nimemaliza alikwenda kuwapa ng'ombe maji.