Vikombe Kumi na Tano vya Unga

Nyalenda, Kisumu
Jumatatu

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi hapa hatujambo. Sheryl anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili ambayo anayajaribu kwenye vidole vyangu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, Mama, hujawahi kuniacha nimalize sentensi.

Tulipata ujumbe wako. Wanawake wa kanisa hapo Katito wameipenda keki tunayokuletea, nawe unataka Sheryl aje Jumamosi awaonyeshe inavyopikwa. Tena umesema kilo na gramu hazitawafaa, kwani hakuna mwenye mizani; aziweke kwa vikombe. Tangu siku hiyo mke wangu hali chakula vizuri. Naomba usimkasirikie, sababu nitakueleza.

Kwanza vipimo. Keki inataka kilo mbili za unga wa ngano na kilo moja ya sukari. Mimi, mtoto wa soko, nilijua gorogoro moja ya mahindi, lile kopo la kupimia sokoni, ni kilo mbili, basi nikachota gorogoro moja ya unga na nusu ya sukari. Nilijiona mjanja kweli. Mchanganyiko ukawa uji, keki ikazama katikati, na Sheryl akacheka mpaka akakaa chini.

Jirani yetu Wanyonyi, mwenye duka, aliniazima mizani yake. Akanionyesha kwamba gorogoro ya unga ni kama kilo moja na nusu tu, kwa kuwa unga ni mwepesi, na kwamba sukari ni nzito hata kuliko mahindi. Nikapima upya kwa kikombe cha bati ninachokutumia pamoja na barua hii. Unga ni vikombe kumi na tano; usiushindilie, usawazishe juu kwa kisu. Sukari ni vitano tu. Siagi achana na kikombe, nunua pakiti mbili za nusu kilo. Jana keki iliumuka vizuri kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu, na Wanyonyi alikula vipande vinne akidai anakagua mizani yake.

Sasa, Mama, kaa kitako. Sheryl hajawahi kupika keki hata moja. Ninayepika ni mimi. Nilianza alipokuwa mjamzito, daktari alipomwambia apumzike, nikaona naipenda kazi hii. Ulipoonja ya kwanza ulimsifu yeye, nami nikanyamaza, maana nilikumbuka ulivyonifukuza jikoni ukisema wanaume wa boma letu hawashiki mwiko. Nilikuogopa. Kisha ukamsimamisha mbele ya kanisa zima akapigiwa makofi, na tulipofika nyumbani alilia. Makofi yalikuwa yangu, aibu akaibeba yeye. Kosa ni langu, na ninakuomba msamaha kama nilivyokwisha kumwomba yeye.

Jumamosi tunakuja wote watatu. Ukikubali, nitafunga aproni niwapikie wanawake wako, nawe ukiwa umeketi mbele. Ukiona haya, waambie keki imeahirishwa, nami sitakulaumu. Lakini Sheryl hatasimama tena mahali pangu.

Nisalimie Akinyi na wote wa nyumbani. Mungu akutunze mpaka nikushike mkono.

Ni mimi mwanao, na mpishi wako,
Dalmas Owiti