Musyoka wa Kwanza na Musyoka wa Pili

Jumanne, 2 Agosti 1994

Vumbi tena. Nimepangusa vitambaa asubuhi, nimepangusa tena kabla ya chai, na bado khanga za dirishani zina rangi ya barabara. Wateja wawili. Mmoja alitaka kujua choo kiko wapi.

Baada ya adhuhuri Baba akalala. Mutheu, fundi wetu wa kushona, akafunika cherehani yake pale barazani, tukaingia chumba cha nyuma. Yeye hushika pedi ya mchezo wa TV, mimi natoa hadithi. Maandishi ya kaseti ya mchezo wenyewe ni ya vijumba vijumba, hakuna anayeyasoma Kitui hii nzima, kwa hivyo tangu mwaka jana hadithi yote inatoka kinywani mwangu. Mtu mdogo mwenye skafu, hana uso, ananyata usiku ndani ya jumba lenye theluji. Walinzi tunawaita makanjo, kama askari wa baraza la mji. Nimesema anamtafuta dada yake aliyelala chumba cha juu kabisa. Jina alimpa Mutheu: Musyoka, maana kwa Kikamba kusyoka ni kurudi, na huyu akishikwa hurudi mlango wa kwanza kabisa. Hapewi nafuu hata kidogo.

Leo tulifika ngazi ya mawe. Akashikwa. Akarudi. Mutheu akacheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Ijumaa, 5 Agosti

Kaka yangu Nassor amekuja kutoka Mombasa na kaseti mpya. Sehemu ya pili! Skafu ni ile ile kwenye picha. Nilitoka mbio hadi barazani kumwonyesha Mutheu, hayupo. Aliomba ruhusa kwa Baba, ati kwao kuna wageni.

Nimeapa kutoifungua bila yeye.

Nimeifungua. Mwanzo tu. Musyoka ana uso. Ana pua na ndevu kama mwalimu wa zamu. Sikupenda. Nimezima.

Jumamosi, 6 Agosti

Nilipita kwa kina Mutheu kupeleka kitambaa cha mama yake. Uani kumefungwa mbuzi watatu, na wanaume wenye makoti wanakunywa chai kwa heshima nyingi. Mutheu akatoka jikoni akiangalia vidole vya miguu. Kijana anayemposa anaitwa Kioko, wa Kathonzweni, ana shamba la machungwa. Wazee wake ndio wale, wameleta ntheo, ndio hao mbuzi.

Nilipiga vigelegele hapo hapo, mbuzi mmoja akashtuka. Nikauliza harusi lini. Mama yake akasema ile ya kanisa itangoja, pengine baada ya mvua, pengine mwakani. Vizuri sana. Tuna muda wa kutosha kummaliza Musyoka wa pili.

Jumatatu, 8 Agosti

Leo tumecheza kweli kweli. Haki isemwe: wa pili ni mzuri zaidi. Theluji imekwenda, kuna mvua, kiwanda kikubwa, na gari moshi linalopita nyuma bila sababu. Musyoka anaweza kutambaa. Anaweza kumburuta kanjo aliyezimia akamficha nyuma ya mapipa. Makanjo nao wamepata masikio. Ukikanyaga bati wanageuka, ukikanyaga mazulia hawana habari. Wa kwanza walikuwa vipofu wa kisogo, unatembea nyuma yao hadi sokoni.

Pembeni juu kuna ramani ndogo, kila kanjo ni nukta. Mutheu ameipenda hiyo ramani kupita kiasi. Haangalii kitu kingine. Mvua nzuri vile, na yeye macho yako kwenye nukta.

Jambo kubwa ni hili: ukishikwa, hurudishwi tena mwanzo. Unaendelea pale pale ulipoanguka. Mutheu alifurahi kama aliyesamehewa dhambi. Mimi nilihisi nimeporwa kitu na sikujua nikitajeje.

Jumatano, 10 Agosti

Hii kaseti inasema Kiingereza. Inasema sana. Kabla ya kila mlango watu wawili wanaongea kwa maandishi, na Mutheu anayasoma polepole kwa sauti ya kanisani. Kumbe huyu mtu ni mwanajeshi. Ametumwa kulipua mtambo. Ana jina lake na cheo chake. Dada hayumo.

Nilijaribu kusema dada yuko kiwandani, anafanya kazi ya zamu. Mutheu akanyoosha kidole kwenye kioo: "Zuhura, si wameandika hapa? Dada hakuna." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilinyamaza mpaka mwisho, na yeye hakuona kwamba nimenyamaza. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimekuwa mtazamaji chumbani mwangu mwenyewe.

Jumapili, 14 Agosti

Ndoto. Theluji imeanguka sokoni Kitui, imefunika mafungu ya mbaazi, na wauzaji wamekaa kimya na leso nyeupe vichwani. Mimi na Mutheu tunapita katikati yao bila kuonekana. Hatuna haraka. Kila mlango tunaofungua una mlango mwingine ndani yake, na ndani kuna joto kama la nguo iliyopigwa pasi sasa hivi. Halafu yeye anaingia mlango mmoja na mimi nimechelewa kidogo tu.

Niliamka mdomo umekauka. Upepo nje. Kwa muda mrefu sikutaka kuamini kwamba ule ukuta ni ukuta.

Jumatano, 17 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilipofungua duka, pikapu ilikuwa mbele ya baraza, na cherehani ya Mutheu imeshapandishwa na kufungwa kamba. Nikamwuliza inapelekwa kutengenezwa wapi, na kama Baba anajua. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikuwa na mzaha mdomoni, nimeuandaa tangu asubuhi.

Akasema, "Naenda, Zuhura. Naenda kwa Kioko."

Nikamwambia aache utani, harusi ni mwakani.

"Hiyo ni ya kanisa, ni mambo ya baadaye. Mbuzi si uliziona? Ulipiga hadi kigelegele. Zikishaingia kwetu, mimi ni wa watu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Halafu nikaona hujui, nikaogopa. Wewe ukikasirika huwa husikii mtu."

Dereva akapiga honi. Sikumkumbatia. Nilisimama na kikombe changu kama mtu wa kuuza chai.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimekasirika. Na Mutheu, na Kioko na machungwa yake, na mbuzi wote watatu. Zaidi na mimi.

Nimezaliwa hapa. Babu yangu alikuja kutoka Lamu na marobota ya kitambaa cha marekani, Baba amezaliwa hapa, mimi nanunua nyanya kwa Kikamba na hakuna anayenipunja. Na sikujua. Mama ananiambia kwa upole, jambo linaloniudhi zaidi: kwetu hakuna ndoa bila shehe na mashahidi, kwa hivyo niliona mbuzi nikangoja harusi. Kwao mbuzi ndio mashahidi. Neno ntheo nimelisikia maisha yangu yote na nikalichukulia kuwa salamu ya wakwe. Kumbe siku ile nilikuwa napiga vigelegele baraza letu libaki tupu.

Zile siku zote alipokuwa anasoma nukta na maandishi, alikuwa ameshaolewa. Alikuwa anataka tufike mwisho kabla ya pikapu. Mimi nikawa naangalia mvua na kununa.

Ijumaa, 26 Agosti

Sijashika pedi. Mama anasema nimekonda. Sijakonda, ni gauni limelegea. Aliyelishona hayupo wa kulirekebisha.

Jumatatu, 5 Septemba

Nimecheza wa pili peke yangu. Vibaya. Vidole vyangu ni vya kupima kitambaa, si vya hii kazi. Nikachoka, nikaweka pedi chini, nikaenda kumpa Baba dawa. Niliporudi, yule mwanajeshi alikuwa ameketi. Ameegemea ukuta wa kiwanda, anasugua viganja na kuangalia mvua. Sikumgusa. Kumbe ukimwacha kabisa, hukaa.

Wiki ile yote hatukuliona hilo, tulikuwa tunakimbia. Nilikaa naye mpaka adhana ya alasiri. Nilitaka kumwambia Mutheu, nikageuka kumwambia, na upande ule kulikuwa na mkeka.

Sasa naweza kusema. Wa kwanza haukuwa bora. Ulikuwa na nafasi tu, na nafasi hiyo tuliijaza sisi. Wa pili una kila kitu na hauhitaji mtu wa kuuongezea. Hilo si kosa lake.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimeota niko Kathonzweni. Sijawahi kufika. Michungwa imepangwa safu safu na kati ya safu kuna giza zuri la bluu. Mutheu yuko mwisho wa kila safu, nikimkaribia anakuwa mti.

Jumamosi, 24 Septemba

Amekuja. Kioko amemleta kumwona mama yake, watarudi Kathonzweni leo leo na pikapu ya jirani. Alipita dukani mchana akiwa na kitambaa kichwani na mfuko wa machungwa. Alimwamkia Baba, akaulizwa habari za huko, akajibu kama mtu mzima. Mama akamwita "mama". Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Tukaingia chumba cha nyuma. Nikamwambia nilikosea, sikujua mambo ya mbuzi. Akasema naye alikosea, angenifundisha. Basi. Hatukurefusha. Viganja vyake vimekuwa vigumu, ni msimu wa kuvuna mbaazi. Akaomba ile ya zamani.

Alicheza kidogo. Mimi nikaanza hadithi. Nilisema juu ya vyumba, na theluji inavyoingia dirishani, na dada anayesikia nyayo usingizini. Nilipoangalia, pedi ilikuwa imeteleza kifuani mwake. Amelala. Kinywa wazi kidogo, viatu miguuni.

Nilimvua viatu. Nikapunguza sauti ya TV. Jua lilikuwa bado juu ya paa la msikiti, kisha likashuka hadi kwenye tangi, na nilijua Kioko anangoja kwa mama yake na barabara ya Makueni si ya kupita gizani. Nikawaza nimwache. Atachelewa, watalala Kitui, kesho Jumapili duka halina watu.

Nilimwacha mpaka jua likafika ukutani. Halafu nikamshika bega, nikamwamsha.