Mti Wako Umeanza Kunuka

Dada Nekesa,

Simu yako haishiki tangu tupalilie mahindi mara ya pili, na sasa hayo mahindi yamekauka. Niko Kitale, kwa cyber, hapa pa kompyuta. Msichana wa hapa ataiweka hii barua mahali watu wote wanasoma. Unajua mimi mbele ya watu siwezi kuongea. Lakini pengine kuna mtu wa huko Saudi anakujua, akusomee.

Unakumbuka ile siku ulikuja likizo, ukafungua begi nyumba yote ikanuka? Mama akasema, "Nekesa, umebeba kanisa kwa begi?" Ukacheka, ukatoa kapande ka mti keusi, kadogo kama kidole, umekafunga kwa leso. Ukasema huu ni udi. Ati huko wanaweka juu ya makaa, wanatia moshi kwa nguo na kwa nywele, na yule nyanya wa nyumba unafanyia kazi analoweka kwa maji anakunywa, tumbo ikimsumbua. Mama naye akakunywa, kwa ile gesi yake. Akalala vizuri. Sijui kama ni udi ama ni kukuona.

Kesho yake tukakuja hapa Kitale mimi na wewe, tukanunua miche ya huo mti, tukapanda nyuma ya jikoni. Ukarudi kazi.

Miaka ikaenda, miti ikafika unene wa paja, ukanifundisha kwa simu, video. Nilikuwa na drili ya fundi wa milango na sindano ya ng'ombe. Nikashangaa. Ndani mti ni mweupe kama ugali, haunuki kitu. Ukaniambia ni lazima uumizwe. Unatoboa, unaweka dawa iko na ukungu ndani kwa kidonda, mti unaugua, unajitetea, unatoa utomvu, pale panakuwa peusi. Hiyo nyeusi ndio udi.

"Pole pole, Barasa. Usiue."

"Kwani mti inasikia uchungu?"

"Si hiyo uchungu ndio wanachoma."

Nilingoja ucheke. Hukucheka. Ulikuwa umevaa mikono mirefu, kwa jikoni, jasho inakutoka, na mkono moja hukuinua hata mara moja. Nikauliza. "Ni mafuta ilinirukia tu." Halafu ukasema, "Ule wa mwisho, wa dirisha ya Mama, usitoboe. Huo ni wangu. Huo uache mzima." Mtu akaita kwa Kiarabu, ukageuza simu ikaangalia dari. Nikakaa nikaangalia hiyo dari mpaka ikakatika.

Hatujaongea tena. Nilienda kwa yule ajenti alikupeleka. Ofisi yake imekuwa duka ya viatu.

Kule nyumbani Bokoli watu walisikia ati mti ukiwa mgonjwa unaleta pesa. Jirani Mama Sharon akatoboa ovakado yake, akamwaga machicha ya pombe ya busaa kwa shimo. "Barasa, yangu itanuka lini?" Nikamwambia ovakado haitoi udi. "Wewe unataka kutajirika peke yako!" Vijana wa posho mill, pale kwa kusaga unga, nao, "Daktari wa miti, leta sindano tudunge huyu ng'ombe atoe marashi!" Tulicheka. Sasa ovakado za watu zinakauka, kutoka kwa Mama Sharon mpaka mtoni, majani nyekundu kama moto ilipita. Hakuna mtu anacheka. Wakipita kwetu wanaangalia nyuma ya jikoni, halafu wanaongeza mwendo, kama ugonjwa umetoka hapo.

Wiki iliyopita, asubuhi, Mama aliniita. "Nekesa amefika?"

Nikauliza kwa nini.

"Si hiyo harufu yake."

Nikazunguka nyuma. Ile miti nilitoboa bado hainuki. Ni ule wako. Ngozi imepasuka upande wa dirisha, urefu wa mkono, ndani peusi, panatoa unyevu. Hakuna mtu ameutoboa. Nimeangalia vizuri, na unajua mimi huangalia.

Ndio leo nikakuja kuuliza huyu mzee tulinunua miche kwake. Akasema pengine ni wadudu, hata porini udi hujitengeneza hivyo, mti ukiumia bila mtu kuona. "Na hiyo ndio ya bei kabisa, kijana. Kata."

"Si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa dada yangu."

"Si umuulize basi."

Nikatoka.

Mama nimemdanganya ni moshi ya majirani. Hakubali. Jana ametandika kitanda yako, akaweka maji ya kuoga kwa jua. Ile ufa nimepaka matope ili asione, lakini kila asubuhi matope inapasuka na harufu inaingia kwa dirisha, na yeye anaenda kusimama kwa mlango.

Dada, piga. Hata kwa simu ya mtu. Kama huwezi kuongea, iache ilie mara moja ukate, nitajua ni wewe. Mti sikati. Nitakuwa napaka matope.

Mimi mdogo wako,
Barasa