Kwenye Ramani Niliandika Stoo

Mpendwa Mama Glenys,

Naomba unijibu kwenye safu yako kabla ya Jumamosi, siku ya kukabidhi ramani, na samahani kama barua ni ndefu, kuandika naweza ila kusema ndiyo shida yangu. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Ipswich, na tangu mwaka jana najifunza kuchora ramani za nyumba kwa vitabu vya maktaba na kompyuta ya shule, mpaka nikapata ujasiri wa kubandika tangazo dukani, "Nachora ramani za kuongeza vyumba," bila jina, namba ya simu tu, na simu ya kwanza ikawa ya jirani yetu Bi Rosslyn, ambaye alicheka dakika nzima alipotambua sauti yangu.

Nyumba yake ni ya mbao juu ya nguzo kama zetu zote, na anataka kuzungushia kuta huko chini apate chumba cha mama yake, Bibi Enid, mwenye miaka themanini na minne, maana magoti yake hayapandi ngazi tena. Nilipima mara tatu. Kutoka sakafuni hadi chini ya boriti ni mita mbili na sentimita kumi, na sheria inataka dari ya chumba cha kulala iwe juu zaidi, tena mafuriko ya mwisho yaliacha alama ya tope kwenye nguzo, juu ya kiuno changu. Nikamwambia Bi Rosslyn, kwa sauti ya panya.

"Basi andika stoo, kipenzi," akasema. "Halmashauri wakishapitisha, tunaingiza kitanda."

"Lakini si stoo."

"We mtoto, mtaa mzima huu unalala stoo! Muulize baba yako anakoroma wapi siku za joto."

Ni kweli, baba hukoroma chini. Nikaandika stoo. Halafu niliporudi kupima dirisha, Bibi Enid akanishika mkono, akasema, "Liweke chini kidogo, mwanangu, nikiwa nimelala nione ndege," nami nikajibu, "Sawa, Bibi," nikarudi nyumbani nikachora stoo yenye dirisha la kutazamia ndege.

Bi Rosslyn ameshanisifu kwa majirani watatu wanaotaka ramani, nikimkatalia, wote wataondoka naye na biashara yangu itakufa kabla haijazaliwa, nikimkubalia sijui nitamtazamaje Bibi Enid. Je, neno moja tu kwenye karatasi ni kosa kubwa hivyo?

Mwoga wa Ipswich

*

Mwoga,

Pole. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Neno moja tu? Neno hilo ndilo kazi yako. Mistari hata kompyuta huchora; wewe unaaminiwa kusema chumba ni cha nini. Baba yako akisikia maji atapanda ngazi. Bibi Enid hawezi, na ndiyo sababu anapelekwa chini! Umeliandika mwenyewe, kisha ukalipita.

Ramani hiyo usiipeleke. Chukua tepu ukapime nyuma ya nyumba. Nimeishi kwenye nyumba za nguzo miaka thelathini: zikiwa kwenye mteremko, mbele huning'inia na nyuma hukaribia ardhi, na veranda ya nyuma mara nyingi haina kitu ila nguo zilizoanikwa. Ikifaa, chora chumba hapo, na njia ya mteremko badala ya ngazi. Isipofaa, sema haifai.

Jingine hukuniuliza, nami nitakujibu. Kwenu huko huruhusiwi kuuza ramani bila leseni. Bandua lile tangazo leo. Mtafute mchoraji mwenye leseni, mwonyeshe vipimo vyako, mwombe uchore chini yake, yeye akague na kutia sahihi. Anayepima mara tatu hakosi wa kumpokea.

Kusema kunakushinda? Basi andika sentensi tatu, uzisome mbele ya Bi Rosslyn, hata ukitazama viatu vyako. Atafoka, kisha atachemsha chai. Majirani watatu wakiondoka, waende. Una miaka kumi na saba.

Lakini usianze na Bi Rosslyn. Nenda Ijumaa ukaketi na Bibi Enid. Mwonyeshe kwa kidole maji yalifika wapi, halafu muulize anataka kulala wapi. Katika barua yako yote, sijaona aliyemuuliza.

Mama Glenys