Upepo wa Darasa la Puge

Puge,
kwa njia ya Nzega.
12 Julai 1953

Mpendwa Dada Getruda,

Shikamoo, Dada. Mgongo umepona? Na Shemeji Alois, bado wanampangia treni za Kigoma kila juma? Nyumbani wote ni wazima. Mimi nina mafua, na ndiyo yanayonifanya nikuandikie.

Baridi ilipoanza, wazazi waliziba madirisha ya darasa langu la wasichana kwa mikeka, wakaweka jiko la makaa katikati. Walifanya kwa upendo. Lakini kabla ya mapumziko watoto walikuwa wakisinzia na kulalamika kuumwa vichwa, na asubuhi moja msichana mmoja, Minza, akaanguka akiwa anasoma. Tulipomtoa nje akazinduka.

Nikawaita wazazi. Kwa hofu niliyokuwa nayo nikasema, "Toeni mikeka, upepo uwaingie watoto." Nilikuwa nimesahau kwamba hapa mtu akianguka ghafla husemwa ameingiwa na upepo. Walisikia mwalimu akiwaombea watoto wao mashetani. Nikajisahihisha haraka, nikasema nilikusudia hewa.

"Umebadili jina tu," akasema Ng'washi, bibi yake Minza. Watu wakacheka, nami sikucheka.

Kesho yake madawati yalikuwa matupu. Padri akaniambia wasichana wasiporudi upesi, darasa litafungwa. Dada, hawana shule nyingine.

Nikamfuata Ng'washi kwake, kwa kuwa wengine walikuwa wakimsikiliza yeye. Nilimkuta akimenya karanga. Hakuacha kazi.

"Jiko litoke, na madirisha yafunguliwe," akasema. "Lakini wewe ukae chini ya dirisha. Kama huo upepo una njaa, uanze na mwenye kuuita."

Nikakubali. Wasichana wamerudi, na hakuna anayesinzia tena. Ila kila asubuhi Ng'washi huja na ungo wake, hukaa nje chini ya dirisha langu, akimenya na kusikiliza. Upepo wa msimu huu unaujua, baridi na vumbi pamoja. Nameza kikohozi mpaka machozi yananitoka. Nikikohoa, atasema upepo umenipata, awachukue wasichana wote. Najiuliza kama ninawafundisha au ninawaficha.

Juzi Ijumaa kikohozi kilinishinda. Darasa zima likanitazama. Nje, karanga zikanyamaza.

"Mwalimu ana nini humo?" Ng'washi akauliza.

Kabla sijajibu, Minza akainuka. "Ni vumbi la chaki, Bibi. Amefuta ubao."

Ubao ulikuwa umejaa maandishi mpaka pembeni. Tukasubiri. Kisha maganda yakaanza kupasuka tena. Nilimwambia Minza akae, tukaendelea na somo. Sikumsahihisha.

Shemeji akipita Tabora, mpe dawa ya kifua amwachie Silasi wa stesheni. Tafadhali isiwe na harufu kali.

Nisalimie Raymundi na Mama Bernadeta. Mungu awalinde, awape usingizi mwema.

Mdogo wako akupendaye sana,
Apolinaria