Nikija Torino Nitakula Wapi?

Mama yangu uliyelala Naitiri,

Swali lako la mwisho kwenye simu sikulijibu. Ulikuwa umetoka kupigwa picha ya pasipoti pale Kitale, ukanilalamikia kwamba mpiga picha amekukataza kucheka, halafu ukauliza, "Sasa nikikuja huko Italia, utanipereka nikure wapi?" Nilikuwa mbioni kwenda kazini. Nikasema tutaona. Hatukuona. Ulizikwa kando ya migomba yako kabla pasipoti haijatoka, nami nikakuzika kwa simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, kwa sababu karatasi zangu za ukaaji hazikuwa tayari na kama ningetoka nisingeruhusiwa kurudi.

Sasa karatasi ninazo. Dada Nasimiyu anangoja nimwambie leo kama nitakuja Desemba, mlisakafie kaburi, yaani walisakafie, bado nakuhesabu miongoni mwa wenye kazi. "Unakuja ama hukuji?" ameuliza. "Si useme tu, tujue." Siwezi kumjibu yeye kabla sijakujibu wewe.

Asubuhi tungeanzia baa ya hapa chini ya nyumba. Usishtuke, huku baa ni mahali pa kahawa, hata padre huingia mchana kweupe. Kahawa yenyewe huja kwenye kikombe cha mwanasesere, tena haijajaa, na watu wanainywa wamesimama wima kama wanaofukuzwa. Najua ungechungulia ndani ya kikombe, uniangalie, uulize, "Hii ni chai ama ni dawa ya kikohozi?" Wewe uliyekuwa ukimimina chai kwenye kibanda chako Kitale mpaka inamwagika kwenye kisosi, ati mteja asije akasema umempunja. Ningekuagizia yenye maziwa, na kiti ningekutafutia.

Kisha tungeteremka Porta Palazzo, soko lao kubwa. Huko usingekuwa mgeni hata kidogo. Wauzaji wanaitana na kutukanana kwa upendo vilevile, na kuna mama wa Kinijeria mwenye unga mweupe wa mahindi. Mrenda hakuna, usiulize. Mimi huenda pale hata siku nisiyokuwa na haja ya kitu, nigongwe bega tu na watu. Nyumbani kwangu hakuna anayenigonga bega.

Ukishikwa na kiu njiani, kuna mabomba ya kijani kila mtaa, yamechongwa kichwa cha fahali, na maji yanamtoka fahali mdomoni usiku na mchana. Mji mzima unanyweshwa na ng'ombe. Marehemu Baba angehamia huku siku hiyohiyo.

Mchana ningekupeleka kwa mama mmoja na bintiye, wana mkahawa mdogo karibu na mto. Wanapika polenta. Ni ugali, Mama, ugali wa manjano, mlegevu, kama mpishi aliitwa nje kabla hajausonga. Mara ya kwanza nilipelekwa na yule nyanya wa Kiitaliano ninayemtunza kazini. Aliniambia, "Sisi tulikuwa maskini. Tulikula hii mchana na jioni." Nikamwambia kwetu hata mwenye gari anakula hivyo na anaongeza.

Siku hiyo ndiyo niliyojiaibisha. Tumeketi, yule binti akaja na jagi la maji. Nikavuta mikono ya sweta, nikanyoosha viganja vyangu viwili mbele yake, nikangoja. Binti akasimama na jagi lake. Nyanya akanitazama.

"Unasali?"

"Nanawa," nikasema.

Binti akamimina maji kwenye glasi yangu, pole pole, akaenda zake. Nyanya alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Halafu nikaenda msalani kunawa. Bomba la huko hujifungua lenyewe ukipeleka mkono, halihitaji mtu. Nikalia hapo, maji yanatoka na kukatika, yanatoka na kukatika.

Unakumbuka shangazi wa Kabuchai walipokuwa wanafika kwetu? Mimi kitinda mimba nilikuwa mwenye jagi. Mkono huu jagi, ule beseni, taulo begani, napiga goti kwa wageni, kisha Baba, kisha kaka na dada, na wewe mwisho. Ukishanawa ulikuwa unaninyang'anya lile jagi la bati. Shangazi walisema unanidekeza. Uliwajibu, "Hata mwenye kunawisha watu ni mtu," kisha ukanigeukia, "Reta mikono." Maji yalikuwa ya vuguvugu. Ulikuwa unayapima kwa kiwiko kama unayemwogesha mtoto mchanga.

Basi nikuambie kwa nini nimekuwa nikimzungusha Nasimiyu, leo nyanya mgonjwa, kesho tiketi, kesho kutwa sijui nini. Nikikaa huku, wewe bado uko jikoni Naitiri. Umenifunikia sahani yangu kwa sahani nyingine na unamfukuza paka. Nikija, nitaingia jikoni humo. Hilo tu, Mama. Naogopa jiko.

Lakini nimekula peke yangu hadi nimechoka. Hata chakula kitamu, ukikila bila mtu wa kumwambia "onja", kinaishia kooni. Nimekutembeza Torino nzima asubuhi hii na nimerudi nikiwa mmoja.

Kwa hiyo nimemwandikia Nasimiyu kwamba nakuja, na kwamba lile jagi asimgawie mtu. Shangazi watajaa ua mzima, na mimi bado ni kitinda mimba, kazi yangu haijachukuliwa. Nitawanawisha wote, nianze na wakubwa, maji nitayapima kwa kiwiko. Nikimaliza wa mwisho nitasimama kidogo mlangoni mwa jiko lako, jagi mkononi, mikono yangu mikavu, nione kama kuna atakayeniambia nilete mikono.

Lala, Mama. Chai huku haijawahi kumwagika kwenye kisosi.

Kitinda mimba wako, mwenye jagi,
Nanjala