Dada Aikaeli, Kuhusu Zile Kanda

Dada Aikaeli,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikatulia kidogo kusubiri marahaba yako, ile ya kuitikia huku macho yamebaki kwenye kompyuta. Haikuja. Basi naendelea.

Leo ni siku ya kumi tangu utuache. Ofisi ni ile ile, kachumba kadogo nyuma ya kliniki ya kifafa, na dirisha bado halifungi sawasawa. Watu wanapita mlangoni wananiambia pole, mimi naitikia nimeshapoa, na wote tunajua ni uongo. Kikombe chako nimekiosha nikakirudisha palepale.

Acha nianze na linaloniuma, maana nisipolisema sasa nitazunguka wee mpaka karatasi iishe. Miezi minne iliyopita tuligombana juu ya bakapu, zile nakala za akiba tunazoweka kwenye kanda. Nilikuwa nimetoka chuo Dar, kichwa kimejaa, nikakwambia seva ya hospitali inanakiliwa nzima kila siku, mwanzo mpaka mwisho, ili ikifa unachukua kanda moja tu na kila kitu kinarudi. Ukasema nzima inakula saa tano, na mgao huu wa umeme hautupi saa tano mfululizo isipokuwa Jumamosi, jenereta inapowashwa kutwa kwa ajili ya upasuaji. Umeme ukikatika katikati, kanda ni takataka. Kwa hiyo nzima ni Jumamosi, na Jumatatu mpaka Ijumaa ni nyongeza tu, yaani yale mafaili yaliyobadilika tangu jana yake. Dakika ishirini umemaliza. Nikasema hivyo ni vipande, na siku ya kuvirudisha lazima uvipange kwa zamu yake, ukikosea umeharibu. Ukajibu kwa upole kwamba basi tusikosee. Ule upole ndio ulionipandisha hasira. Nikakwambia, mbele ya manesi wawili, "Kanda zako fanya mwenyewe."

Ukazifanya mwenyewe. Miezi minne mizima sikuzigusa wala sikuuliza, na wewe hukunishitaki kwa daktari wala hukuninunia. Chai uliendelea kunimiminia, na sukari uliijua. Ungeninunia ningepata pa kuanzia kuomba radhi.

Sasa nikupe habari za baada yako. Ulifanya kanda ya Ijumaa, ukapanda nyumbani kwenu Kirua Vunjo, na Jumamosi asubuhi presha ikakuchukua kabla hujarudi kufanya ile nzima. Jumatatu na Jumanne kliniki ilifungwa, watu walikuwa kwenu msibani. Mimi Jumatatu sikuja msibani asubuhi. Nilibaki ofisini, nikaweka kanda mpya, nikaanza bakapu nzima. Nilijiambia ni kwa usalama, lakini wewe unanijua, nilikuwa bado nabishana na wewe. Saa ya tatu umeme ukakatika. Kanda yangu ikabaki nusu, haisomeki, haifai kwa lolote. Jumanne umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo, na diski ya seva ikafa kabisa. Ikatoa sauti kama mtu anayesaga mahindi kwa mkono, ikanyamaza.

Humo mlikuwa na kila mgonjwa wetu wa kifafa na faili lake. Dawa gani, vidonge vingapi, nini kimebadilishwa. Na ni sisi wawili tulioishawishi kliniki iache kuandika kwenye majalada. Kadi anayopewa mgonjwa siku hizi ina jina na siku ya kurudi, basi. Kilichobaki duniani ni kanda zako.

Jumatano, baada ya kukuzika, nilimwendea mama yako. Nilijua ile nzima huwa unapanda nayo kwenu kila Jumamosi, ili hospitali ikiungua yenyewe isalimike. Mama akaingia ndani akatoka nayo imefungwa kwenye kipande cha kanga. Akasema ulishamwambia vitu vya kazini visiguswe, hata vumbi hakupangusa. Juu yake uliandika Nyumbani. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo ya kuanzia.

Zile tano za nyongeza zilikuwa kwenye droo yako. Nilitegemea Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikakuta majina ya mahali: Himo, Holili, Kiboriloni, Mwika na Sanya. Nikageuza nyuma, hakuna kitu. Nikatazama tarehe ndani ya kanda, zote zinasema Januari mosi, kwa sababu betri ya saa ya seva ilikufa zamani na kila umeme ukikatika saa inaanza upya, na sisi tulizoea kuicheka badala ya kubadilisha betri. Nikajiambia, bila shaka ni vituo vya kliniki ya kutembelea, kila kituo na kanda yake, kwa hiyo zamu haina maana. Nikarudisha Nyumbani kwenye diski mpya, halafu zile tano nikazipandisha kwa alfabeti, nadhifu kabisa, kijana wa chuo.

Ikawaka. Dada, ikawaka mara ya kwanza tu. Alhamisi jioni daktari alinishika bega akasema umeacha mtu wa kushika nafasi yako. Nilifurahi, sikufichi.

Ijumaa wakati wa chai nikakumbuka kitu. Ile wiki yako ya mwisho, siku ya Alhamisi, ulikuja kwenye chai umechelewa. Ulitusimulia kuhusu Ndeshi, yule binti wa miaka sita anayeletwa na bibi yake. Jumatatu alipewa dawa mpya. Alhamisi bibi akamrudisha, akawa amekaa naye kwenye benchi, na wewe ulikuwa unapita tu na makaratasi yako ukaona midomo ya mtoto imevimba na ngozi ya shingo inaanza kutoka. Ukamvuta daktari kwa mkono. Ile dawa ikakatazwa palepale, na faili uliliandika wewe mwenyewe kwa sababu nesi alikuwa amembeba mtoto.

Nikaacha chai nikaenda kufungua faili la Ndeshi. Linasema aendelee na dawa mpya, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hakuna uvimbe, hakuna katazo, hakuna Alhamisi. Na siku yake ya kurudi ilikuwa Jumatatu inayofuata, na bibi yake hajui kusoma, yeye anajua vidonge vyeupe, na vidonge vyetu karibu vyote ni vyeupe.

Nilielewa kwamba faili la Jumatatu limekaa juu ya lile la Alhamisi. Zile si kanda za vituo, ni kanda za siku, na mimi nimezipanga kwa alfabeti. Ndeshi nilimkumbuka kwa bahati ya chai. Je, wale wengine waliobadilishiwa dawa wiki ile, ambao hukutusimulia? Nilimwambia daktari ukweli wote, na ule mkono wa begani akaurudisha mfukoni. Akaniuliza zamu sahihi ni ipi. Nikamwambia sijui, anayejua tumemzika juzi. Hapo ndipo nilipolia, Dada, mbele yake, nikiwa nimeshika kanda ya Himo.

Jumamosi nikapanda Kirua. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi za mtori uani, mama yako amekaa kwenye kigoda pembeni, hamenyi, anatazama tu maganda. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu naye. Niliona aibu kumuuliza mambo ya kazi siku tatu tu baada ya maziko, lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Nikamsomea yale majina matano, nikamuuliza kama yanamwambia kitu.

Mama yako akacheka. Wote uani waligeuka, maana tangu msiba uanze hakuna aliyemsikia akicheka. Akasema hayo ni masoko yake. Enzi za ujana wake alizunguka nayo wiki nzima na maharage na ndizi, kila siku na soko lake, na ninyi hapo nyumbani hamkuwa na kalenda. Ulikuwa unaijua siku kwa mahali mama alipokwenda. Akanisimulia kwamba ulipoanza darasa la kwanza mwalimu aliuliza leo ni siku gani, ukasimama ukajibu leo ni Kiboriloni, na darasa zima likakucheka mpaka ukarudi nyumbani unalia. Hilo hukuwahi kuniambia. Ningekutania, najua, labda ndiyo maana.

Nikamwomba anipangie. Akahesabu kwa vidole. Mwika ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ni karibu na baada ya Jumapili miguu inakuwa mizito. Halafu Sanya, ambako alilala kwa shangazi yako, kesho yake akiteremka anauza yaliyobaki Kiboriloni. Hapo akakwama. Himo na Holili, ipi mbele? Akasema Holili, akasema hapana, akafumba macho. Alhamisi ya Ndeshi ilikuwa mojawapo ya hizo mbili. Kisha akafumbua akasema, "Vitunguu nilinunua Himo nikaviuze Holili. Sasa ningeuza vipi kabla sijanunua?" Himo, halafu Holili. Nikamuuliza na Jumamosi je. Akaniona mjinga kidogo. Jumamosi hakwenda popote, alikuwa nyumbani na wewe.

Nikamwambia mama yako nililokwambia miezi minne iliyopita, lile la kanda zako. Sikutaka ajue, lilinitoka tu. Akachukua kisu, akanisogezea ndizi nimenye. Nilimenya vibaya, akazirudia zote. Sijui kama ni msamaha, lakini nilikula mtori nikashiba.

Mchana ule ule niliteremka, jenereta ilikuwa bado inanguruma. Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Nyumbani, Mwika, Sanya, Kiboriloni, Himo, Holili. Daktari alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipofungua faili la Ndeshi nikakuta mistari yako, kwa herufi kubwa, na wewe ulikuwa unatukataza herufi kubwa: MTOTO HUYU ASIPEWE TENA DAWA HII. MIDOMO IMEVIMBA. MKIONA BIBI YAKE MWELEZENI POLEPOLE, ANAOGOPA. Daktari alisoma, akavua miwani, akatoka. Tulipitia na wengine wote wa wiki ile. Walikuwepo kadhaa ambao alfabeti yangu ingewaumiza.

Sasa, tubishane kidogo, maana sina mwingine wa kubishana naye hapa. Ulikuwa sahihi kwamba nzima ya kila siku haiwezekani kwa umeme huu, kanda yangu ya nusu ni shahidi. Na mimi nilikuwa sahihi kwamba vipande vitano ni vingi mno kwa mtu aliyechanganyikiwa. Nimefanya hivi: Jumamosi nzima kama kawaida yako. Katikati ya wiki, kila siku nanakili yote yaliyobadilika tangu Jumamosi, si tangu jana. Jumatatu ni dakika ishirini, Ijumaa inafika karibu saa nzima, na umeme huo tunao. Diski ikifa siku yoyote, ni kanda mbili tu, ya nyumbani na ya mwisho. Najua ungeguna kwanza, ungeuliza kanda zinachakaa kiasi gani, halafu ungekubali kesho yake kana kwamba umefikiria mwenyewe. Mbona hatukukaa tukalipata hili pamoja, Dada? Lilikuwa hapa hapa katikati yetu, nami nilikuwa nashughulika kushinda.

Betri ya saa nimebadilisha. Majina ya masoko nimeyaacha, nimeongeza siku chini yake kwa wasiokujua.

Jana Ndeshi alikuja. Bibi yake alikaa kwenye benchi lile lile, na pembeni yake chane la ndizi mbivu limefunikwa kwa jani. Nilikwenda mwenyewe kumweleza habari ya dawa, polepole, kama ulivyoagiza. Akaitikia, akauliza yuko wapi yule mama wa makaratasi, ndizi ni zake. Nikamwambia. Akanitazama, akamtazama mtoto. Halafu akamwambia Ndeshi asimame anipe mkono wa pole. Mtoto, midomo imepona na ngozi mpya ya shingo inang'aa, akanipa mkono wake mdogo. Nikaushika nikashindwa kuuachia haraka.

Basi lala salama, Dada Aikaeli. Jumamosi napanda Kirua na kanda, na kila Jumamosi nitakuwa napanda nayo. Mama yako amekubali kuitunza, ila ana sharti lake. Amesema nisije saa ya kuacha kitu na kuondoka, nije saa ya kula.

Mdogo wako wa ofisini,
Baraka